Annalena Tonelli na Manyatta ya Kifua Kikuu

Nilipoambiwa niandike maisha ya mtu mashuhuri, wenzangu chamani walidhani nitamleta mpigania uhuru au mwanasoka. Mimi nimemchagua mwanamke ambaye hakuvumbua dawa yoyote, na alipoanza kazi hakuwa hata na cheti cha uganga. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba dawa imemezwa. Basi! Lakini si mnajua wenyewe kazi ilivyo kumfanya mtu mzima ameze dawa kila siku?

Annalena Tonelli alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì nchini Italia. Alisomea sheria akahitimu, ila uwakili haukumvuta. Kwa miaka sita aliwahudumia maskini wa mji wake, kisha mwaka 1969 akaja Kenya. Alifundisha kwanza sehemu za Nyeri, na mwaka uliofuata akahamia Wajir kuwa mwalimu wa sekondari. Hebu mfikirie: binti wa Kizungu wa miaka 27, Mkristo, hana mume wala si mtawa, peke yake katika mji wa Wasomali Waislamu. Lazima watu walimshangaa!

Kule alikutana na kifua kikuu, ugonjwa ambao kwa Kisomali huitwa qaaxo. Sisi wa Ijara twajua neno hilo lilivyo zito. Zamani kulitaja kulikuwa aibu, na mgonjwa alitengwa pamoja na kikombe chake. Tiba ya wakati huo ilichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Sasa niambieni, mfugaji gani atakaa mjini miezi 18 ilhali ngamia wake wamefuata mvua? Akimeza dawa wiki chache, kikohozi kinatulia, anajiona mzima, huyo anaondoka zake. Na hapo ndipo hatari ilipo. Vijidudu vilivyobaki mwilini huzoea dawa, ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi, na dawa ile ile haiusikii tena. Mtu huyo huwaambukiza wanawe kifua kikuu sugu.

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa mradi wa majaribio wa kuwatibu wahamaji kwa miezi sita tu, kwa kutumia dawa mpya zilizounganishwa pamoja. Yeye hakuwalaza watu wodini. Aliwaacha wagonjwa wajenge vibanda vyao vya kuhamahama, kama walivyovizoea, karibu na kituo alichokuwa akiwahudumia walemavu. Ikawa manyatta. Mgonjwa alikaa humo kama yuko nyumbani, na kila siku alimeza dawa mbele ya mhudumu anayemtazama mpaka zishuke kooni. Hakuna kuficha kidonge shavuni! Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza ulimwenguni mtindo wa DOTS, yaani kumsimamia mgonjwa anapomeza. Wajir ilikuwa imeuonja mapema.

Lakini kumeza nako kuna adabu zake, na hapa nilikwenda kumsumbua muuguzi mmoja hapa kwetu. Rifampisini, ambayo ndiyo nguzo ya tiba ile ya miezi sita, haipendi kukutana na chakula. Humezwa kwa maji saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, la sivyo mwili hupokea kiasi pungufu. Huufanya mkojo, jasho na hata machozi kuwa na rangi ya machungwa. Wasiojua huona wanakojoa damu, wakatupa dawa. Hupunguza pia nguvu za dawa nyingine, zikiwemo za kupanga uzazi na baadhi ya zile za kisukari, kwa hiyo daktari aambiwe kila unachomeza. Isoniazidi nayo hugombana na samaki wa jamii ya jodari, hasa aliyekaa muda; mtu huiva uso, kichwa kikamgonga na moyo ukaenda mbio. Tena humaliza vitamini B6 mwilini, ndiyo maana wengi hupewa kidonge cha ziada ili miguu isichomechome.

Nikamwuliza kuhusu maziwa, maana kwetu maziwa ni chakula na ni maji. Akacheka. Akanieleza kwamba tetrasaiklini, ambayo ni ya maradhi mengine, hushikwa na madini ya kalisi yaliyomo katika maziwa na haiingii vizuri kwenye damu. Miraa nayo hupunguza ampisilini. Nilimkumbuka babu mmoja wa mtaani kwetu ambaye husukuma kila kidonge kwa bilauri ya maziwa, iwe dawa ya nini. Nimeshamwambia. Ananiangalia tu.

Turudi Wajir. Mwezi Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Annalena alikwenda kuokota waliokuwa hai na kuzika waliokufa, na hakunyamaza. Mwaka 1985 ikambidi aondoke Kenya.

Alivuka akaenda Somalia, akatibu kifua kikuu Beledweyne, Mogadishu na Marka, katikati ya vita na njaa. Alipigwa, akatishwa, akaendelea. Kufikia wakati huo alikuwa amejisomea na kupata vyeti vya magonjwa ya nchi za joto na vya ukoma. Mwaka 1996 alifika Borama, akaanzisha hospitali ya kifua kikuu ambayo ilikuwa pia na madarasa, wagonjwa wakijifunza kusoma na kusomeshwa Kurani. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Miezi michache baadaye, jioni ya tarehe 5 Oktoba, alipigwa risasi ndani ya ua wa hospitali yake. Alikuwa na miaka 60.

Manyatta za kifua kikuu zilijengwa baadaye katika miji mingine ya Kaskazini Mashariki, Garissa ikiwemo.