Dedan Kimathi: Mechi aliyocheza mwana wa Tetu

Unacheza chesi? Basi sheria hii unaijua: kete ikiliwa, inatoka ubaoni. Lakini kuna mechi ilichezwa Nyandarua ambapo kete zilizoliwa zilirudi kumsaka mfalme wao.

Mfalme mwenyewe ni Dedan Kimathi, aliyezaliwa Tetu, Nyeri, mwaka wa 1920. Alisoma Karuna-ini na Tumutumu, akafanya vibarua hapa na pale, akawa mwalimu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, aliingia msituni, na kufikia 1953 alikuwa kati ya viongozi wakubwa wa Mau Mau. Kalamu hakuitupa. Aliandika barua na kutaka rekodi za vita ziwekwe.

Upande wa pili alikuwa Ian Henderson, afisa wa polisi aliyelelewa eneo la Nyeri na aliyeongea Kikuyu sawasawa. Jamaa huyu si mchezo. Wapiganaji walionaswa au kujisalimisha, aliwarudisha msituni na nguo zao zilezile wakamtafute kiongozi wao. Nje nako, serikali ilikuwa imewafungia watu katika vijiji vya ulinzi na kuwachimbisha mtaro mrefu kando ya msitu ili chakula kisipite.

Sasa jiweke mahali pake. Unaona sura ya rafiki mliyekula naye kiapo inakuja kati ya miti. Utamkumbatia ama utakimbia?

Oktoba 21, 1956, miaka 4 na siku moja tangu hali ya hatari itangazwe, Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa kwenye ukingo wa msitu, huko huko kwao Tetu. Aliyempiga hakuwa Mzungu, alikuwa askari wa kikosi cha wenyeji. Alishtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola, na Februari 18, 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti.

Henderson alifukuzwa Kenya mwaka wa 1964. Kimathi alijengewa sanamu Nairobi mwaka wa 2007, na chuo kikuu cha Nyeri kina jina lake. Kaburi je? Mkewe, Mukami, aliomba miaka na mikaka aonyeshwe mabaki ya mumewe amzike kwa heshima. Alifariki mwaka wa 2023 bado akingoja.