APOLO KIVEBULAYA: MTU ALIYERUDI MBOGA

Kila mtu huogopa. Mkulima huogopa ukame. Mgonjwa huogopa kifo. Hata wewe, siku ya kwanza ulipoitwa ubaoni, huenda mkono ulitetemeka. Kuogopa si aibu. Swali ni hili: ukisha kuogopa, utafanya nini? Soma habari za Apolo Kivebulaya. Yeye aliogopa, lakini hakuacha kazi yake.

1. Askari awa mwalimu

Apolo alizaliwa Buganda, katika nchi ya Uganda, yapata mwaka 1864. Alipokuwa kijana alikuwa askari. Alipigana katika vita vya dini vilivyotokea Buganda siku zile. Baadaye aliamini habari za Yesu. Alibatizwa mwaka 1895, akapewa jina la Apolo. Watu walimwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya nguo ya Kizungu aliyopenda kuvaa.

Apolo aliacha silaha, akawa mwalimu wa dini. Alitumwa Toro, magharibi ya Uganda.

2. Safari ya Mboga

Ukitoka Toro kwenda magharibi, unapita milima ya Ruwenzori na kuvuka mto Semliki. Ng'ambo ya mto huo, juu ya vilima, ndiko Mboga. Siku hizi mahali hapo huitwa Boga, na pamo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro. Walimu wawili walikuwa wametangulia kwake. Tabaro aliwakataza watu wasiwape chakula. Njaa ikawashinda walimu, wakaondoka.

Apolo alizijua habari hizo. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1896 alikubali kwenda. Tabaro alimnyima chakula yeye pia. Basi Apolo alishika jembe, akalima. Jioni alifundisha watu kusoma na kusali. Wachache wakaanza kumsikiliza. Tabaro alikasirika, kwa maana mafundisho yale yalikataza ulevi, hirizi na kuoa wake wengi.

3. Gerezani

Siku moja watu walikuwa wakijenga nyumba ya sala. Mwanamke mmoja wa ukoo wa Tabaro alikuja kusaidia. Kwa bahati mbaya alianguka juu ya mkuki, akafa. Haikuwa kosa la Apolo, lakini Tabaro alimshitaki kwamba ameua. Apolo alikamatwa, akapigwa, akafungwa. Kisha alipelekwa Toro kwa wakuu wa serikali ya Kiingereza, akatiwa gerezani.

Fikiri, ndugu. Yuko peke yake. Hana mke wala mtoto wa kumletea chakula. Ameshitakiwa kwa mauaji, naye anajua adhabu yake. Yule askari wa zamani alivunjika moyo.

Usiku mmoja akiwa kifungoni, Apolo alimwona Yesu aking'aa kama jua. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe baadaye. Yesu alimwambia ajipe moyo, kwa kuwa yuko pamoja naye. Mnyororo haukukatika usiku ule. Mlango haukufunguka. Kilichobadilika ni moyo wa Apolo. Alijua kwamba hayuko peke yake.

4. Anarudi

Kesi ilipochunguzwa, Apolo alionekana hana hatia, akaachiliwa. Angeweza kurudi kwao Buganda, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Apolo alivuka tena Semliki, akarudi Mboga, kwa mtu yule yule aliyemfunga. Hakwenda kulipiza kisasi. Alikwenda kufundisha.

Tabaro alistaajabu sana. Alikuwa ametumia njaa, fimbo na kifungo, na bado mtu huyu amerudi. Baadaye Tabaro mwenyewe aliamini, akabatizwa.

Mwaka 1903 Apolo alifanywa kasisi. Alifanya kazi Toro kwa miaka mingi, kisha akarudi tena Mboga. Kuanzia mwaka 1921 aliingia katika msitu wa Ituri, kwa Wambuti. Hawa ni watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda. Majirani wengi waliwadharau. Apolo alikaa nao, akawafundisha kama ndugu zake.

5. Kifo chake

Apolo alikufa Mboga tarehe 30 Mei, 1933. Desturi ya kwao ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu. Hiyo ilikuwa alama kwamba kazi iendelee mbele, isirudi nyuma. Nayo iliendelea. Kanisa la Anglikana la Kongo lilianzia katika kazi yake pale Mboga.

Ndugu msomaji, Apolo hakungoja hofu iishe ndipo aende. Alikwenda nayo, akimtegemea Mungu, na hofu ikapungua njiani. Nawe, kama kuna mahali uliposhindwa au kuonewa, na kazi yako bado iko pale, mkumbuke mtu huyu aliyerudi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini walimu wa kwanza waliondoka Mboga?
2. Ni kitu gani kilichobadilika usiku ule gerezani?
3. Kwa nini Tabaro alistaajabu?
4. Wewe unaogopa nini katika kazi yako? Utafanya nini?