Askofu Mkuu Janani Luwum na Amani ya Baada ya Krismasi



Sikukuu imepita. Watoto wamerudia nguo zao za kila siku, na wageni waliokuja kuimba nasi wamekwenda zao. Kwetu sisi tuliotoka Kenya, siku zinazofuata Krismasi zina uzito wake. Ilikuwa baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 tulipoacha nyumba zetu. Wengine tulivuka Busia, wengine Malaba, tukapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye tukaletwa hapa Kiryandongo. Tangu hapo liko swali linalorudi kila Januari katika maombi ya nyumba kwa nyumba: je, aliyekimbia alipungukiwa na imani? Tumeona vema safari hii tusimulie maisha ya Askofu Mkuu Janani Luwum, kwa sababu habari zake zinapita Tororo ile ile.

Alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, karibu na Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Baba yake, Eliya Okello, alikuwa Mkristo asiye na mali, na kijana alichunga mifugo kabla ya kupata shule. Alisoma Gulu, akasomea ualimu Boroboro, akawa mwalimu. Tarehe 6 Januari 1948, siku ambayo makanisa mengi hukumbuka mamajusi, akaokoka kwa mahubiri ya watu wa uamsho, Yusto Otunnu na mkewe Josephine. Krismasi ilikuwa imekwisha, shamrashamra zimenyamaza, ndipo Bwana alipomfikia. Mwaka uliofuata akaingia chuo cha theolojia cha Buwalasi, upande wa Mbale, si mbali sana na Tororo. Sisi tuliopita chuo cha Biblia tunapenda kukumbuka kwamba baadaye alirudi pale akiwa mkuu wa chuo. Alikuwa kasisi mwaka 1956, askofu mwaka 1969, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Huo ulikuwa wakati wa Idi Amin, aliyetwaa madaraka Januari 1971. Watu walichukuliwa majumbani wasirudi. Luwum alikwenda mara nyingi kwa Amin kuwaombea waliokamatwa, na wako Wakristo waliomlaumu kwamba anakaa karibu mno na mtawala. Sisi hatuoni kosa hapo. Mama ambaye mwanawe amechukuliwa usiku anahitaji mtu wa kumbishia hodi pale asipoweza kufika mwenyewe.

Krismasi ya 1976 kanisa lilikuwa katika matayarisho ya furaha, kwa kuwa mwaka 1977 ulitimiza miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza kufika Buganda. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu huko Namirembe, wakapekua kila chumba wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Katika siku hizo hizo nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi, pale Tororo, nayo ikapekuliwa kwa madai hayo hayo. Maaskofu wakaandika barua ya kulalamika, wakaitia sahihi.

Luwum alishauriwa akimbie. Alikataa, akisema yeye ndiye Askofu Mkuu na hana budi kubaki. Tarehe 16 Februari aliitwa Kampala pamoja na maaskofu wenzake, na mbele ya askari wengi ikasomwa hati ya kumshitaki. Wenzake wakaambiwa waende, yeye akazuiwa. Wanasema alikuwa mtulivu, akawaambia kwamba haogopi. Siku hiyo hiyo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Huyu Oboth-Ofumbi alikuwa Mpadhola wa Tororo. Waliotupisha ardhi Mulanda ni watu wake, nao walikuwa wameujua msiba wa namna hiyo kabla yetu.

Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Mwili ulipelekwa Mucwini na askari, na waliouona waliona majeraha ya risasi. Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, kando ya lile la Askofu Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885 akitokea upande wa Mumias. Jumapili, tarehe 20 Februari, maelfu walikusanyika bila jeneza. Wakasimama kuzunguka shimo tupu wakiimba, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha habari ya malaika na wale wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ya Pasaka.

Sasa tuje kwa waliokimbia. Mjane wake, Mary, alikwenda Kenya na watoto. Askofu Festo Kivengere na mkewe Mera walipita milimani kwa miguu hadi Rwanda. Yona Okoth naye aliikimbilia Kenya, nchi ile ile tuliyoikimbia sisi. Mume alibaki, mke akaondoka, na imani yao ilikuwa moja. Hata Mathayo, akimaliza tu habari ya mamajusi, anatuonyesha Yusufu akimchukua mtoto na mama yake usiku kwenda Misri, wala hatusomi mahali popote kwamba alikemewa.

Luwum amelala Mucwini. Tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa hapa Uganda, na mwaka huu pia tutakuwa na ibada siku hiyo. Yona Okoth alirudi nyumbani baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979. Mwaka 1984 kanisa likamweka katika kiti kile alichokikalia Luwum, naye akakitumikia hadi 1995.