Muyaka: Mshairi Aliyeponea Kinywani mwa Mzee

Kazi imenileta Bomet, nchi ya chai na baridi, mbali na bahari. Jioni, nikiwasimulia wanangu habari za kwetu, huanza na Muyaka bin Haji.

Alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, zama ambazo Marekani ilijitangazia uhuru. Mji ulikuwa chini ya Mazrui. Tungo nyingi zilizohifadhiwa za kabla yake ni za dini. Muyaka, mfanyabiashara, alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni: mapenzi, siasa, na majibizano makali na watu wa Lamu na Unguja. Mwaka 1837 Sayyid Said aliitwaa Mombasa. 1840 Muyaka akafariki.

Mengi yangepotea lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakumbuka, akasaidiana na mmisionari Taylor kuyaandika. Diwani ilipigwa chapa 1940, karne nzima baada ya kifo chake.

Hapo ndipo huona haya. Marehemu babu yangu alijua tungo tele, nami sikumwandika hata moja. Leo kalamu ninayo, babu hayupo. Ewe msomaji, mzee wako yu hai? Basi muulize leo.