Galileo Galilei: Mwanasayansi wa Mwendo Kifungoni Arcetri

Tukitaja jina la Galileo Galilei, wengi hukumbuka mambo mawili: darubini yake na kesi yake mbele ya Kanisa. Leo tunapenda kuutazama upande usiotajwa sana, yaani kazi yake juu ya mwendo wa vitu, aliyoikamilisha uzeeni akiwa katika kifungo cha nyumbani.

Galileo alizaliwa Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki. Akiwa kijana alisoma katika monasteri ya Vallombrosa na kuvutiwa na maisha ya kitawa, lakini baba yake alimwondoa huko kwa kuwa alitaka awe tabibu. Mwaka 1581 aliingia Chuo Kikuu cha Pisa kusomea utabibu, akaondoka mwaka 1585 bila shahada, moyo wake ukiwa umehamia kwenye hisabati. Mwaka 1589 alirudi chuoni hapo kufundisha hisabati, na mwaka 1592 akahamia Padua, alikofundisha kwa miaka 18.

Vyuo vya wakati ule vilifuata mafundisho ya Aristotle, kwamba kitu hakiendelei kwenda bila kuwapo kinachokisukuma. Macho yetu huona hivyo hivyo: ukiacha kuusukuma mkokoteni, unasimama. Galileo alitambua kwamba kuna jambo limesahauliwa. Mkokoteni hausimami kwa kukosa msukumo tu, bali kwa sababu ipo kani inayoupinga, nayo ni msuguano. Punguza msuguano, nao utakwenda mbali zaidi. Uondoe wote kwa mawazo, na kwenye uwanja ulio sawa hakutabaki cha kuusimamisha.

Wala hakuishia kwenye mawazo. Alichukua ubao wa urefu wa dhiraa 12 hivi, akachonga juu yake mfereji mwembamba ulionyooka, akautandika ngozi laini ili msuguano uwe mdogo kadiri ilivyowezekana. Akauinua ubao upande mmoja, kisha akaachia gololi ya shaba iteremke. Kwa kuwa saa za kupima sekunde kwa usahihi hazikuwapo, aliacha maji yatiririke kutoka kwenye chombo na kuyapima kwa mizani; uzito wa maji ndio uliompa muda uliopita.

Baada ya kurudia mara nyingi alipata kanuni. Gololi ikiteremka kipimo 1 katika kipindi cha kwanza, katika kipindi cha pili kinacholingana na hicho huteremka vipimo 3, cha tatu 5, na cha nne 7. Ukijumlisha unapata 1, 4, 9 na 16. Maana yake, muda ukiwa mara mbili, umbali huwa mara nne. Alifundisha pia kwamba vitu vizito na vyepesi vingeanguka pamoja kama hewa isingevizuia.

Mwaka 1609 alitengeneza darubini, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba sayari ya Mshtarii ina miezi minne inayoizunguka. Alizidi kuamini kwamba dunia hulizunguka jua. Mwaka 1616 Kardinali Roberto Bellarmino alimwonya asiyashike wala kuyatetea mafundisho hayo. Mwaka 1632 alitoa kitabu kilichoyatetea kwa njia ya mazungumzo. Tuseme kweli: hoja yake kubwa, iliyotokana na kupwa na kujaa kwa bahari, haikuwa sahihi. Lakini juu ya dunia kulizunguka jua, yeye ndiye aliyekuwa upande wa ukweli.

Tarehe 22 Juni 1633, huko Roma, Galileo mwenye umri wa miaka 69 alipiga magoti na kuyakana mafundisho hayo. Miongoni mwa makardinali 10 waliokuwa majaji, 3 hawakutia saini hukumu. Askofu Mkuu Ascanio Piccolomini wa Siena alimpokea nyumbani kwake kwa heshima na kumtia moyo arudie utafiti wake. Baadaye aliruhusiwa kurudi Arcetri, karibu na Florence, akiwa bado kifungoni. Binti yake, Sista Maria Celeste, Mklara katika konventi ya jirani, alijitwika kwa niaba yake kusali zaburi za toba ambazo baba yake aliagizwa kuzisali kila juma. Sista huyo alifariki tarehe 2 Aprili 1634, akamwacha mzee katika huzuni kubwa.

Katika majonzi hayo alikusanya matokeo ya majaribio yake ya Padua. Kitabu chake juu ya mwendo kilichapwa mwaka 1638 huko Leiden, Uholanzi, kwa kuwa katika nchi yake hakuruhusiwa kuchapa. Kilipotoka, mwandishi wake alikuwa amepofuka. Galileo aliaga dunia tarehe 8 Januari 1642 akiwa Mkatoliki, na mwaka 1687 Isaac Newton alizitoa kanuni za mwendo tunazofundishwa hadi leo shuleni.

Tarehe 31 Oktoba 1992, mbele ya Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba wanateolojia waliomhukumu Galileo walikosea: walidhani maneno ya Maandiko yanatufundisha pia jinsi ulimwengu ulivyoumbika.

Sisi tunaojiandaa kuhubiri tuna la kujifunza hapa. Kesho muumini atatuuliza swali la sayansi baada ya Misa, na huenda tusiwe na jibu. Tusikimbilie kumnyamazisha kwa aya ya Biblia. Tumsikilize, twende tukasome, kisha turudi kwake. Mungu aliyeyavuvia Maandiko ndiye aliyeiwekea kanuni gololi iteremkayo, na hawezi kujipinga mwenyewe.