Al-Farghani: Nyota na mfereji

Juzi mwanafunzi wangu aliyemaliza kidato cha sita alinijia na shauri. Yeye anataka kusoma falaki chuo kikuu. Baba yake anataka uhandisi, kwani nyota hazilipi mshahara. Nikamsimulia habari za Ahmad al-Farghani.

Asili yake ni Farghana, Asia ya Kati, naye alifanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813-833). Kitabu chake cha falaki kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1135, na Wazungu wakakisoma kwa karne kadhaa. Lakini hakuishia kwenye nyota. Mwaka 861 alisimamia ujenzi wa kipimo cha maji ya Nile katika kisiwa cha Roda, ambacho leo kimo ndani ya jiji la Cairo. Ni nguzo yenye alama za dhiraa, imesimama ndani ya kisima. Maji yakipanda ilijulikana kama mwaka ni wa neema au wa njaa, na kodi ikakadiriwa kwa hicho.

Wanahistoria wanasimulia pia kosa lake. Alipopewa kazi ya mfereji wa Khalifa al-Mutawakkil, alichimba mdomo wake kwa kina kuliko sehemu iliyobaki. Mto ukipungua, maji hayapiti.

Nikamwambia kijana: soma vyote viwili, hesabu yake ni moja, na milango ya ajira itaongezeka. Ila kuijua mbingu hakukutoshi kuchimba mfereji. Kila fani ina haki yake.

Nasi wazazi, tusiwavunje moyo watoto wanaotazama juu.