Athanasius: Askofu aliyehamishwa mara tano kwa kutetea uungu wa Kristo

WAKRISTO wanaposimama kanisani kuikiri Imani ya Nikea, wanatangaza kwamba Mwana ana uungu ule ule wa Baba. Ni wachache wanaofahamu kuwa kwa ajili ya ungamo hilo, mzee mmoja wa Misri aliishi uhamishoni kwa takriban miaka 17.

Athanasius alizaliwa mwishoni mwa karne ya tatu. Utotoni mwake, dola la Warumi lilikuwa likiwatesa Wakristo. Alilelewa chini ya Alexander, Askofu wa Alexandria, akawa shemasi na katibu wake.

Katika mji huo huo, kasisi Arius alianza kufundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Bora kuliko viumbe vyote, lakini aliyeumbwa na Baba. Mafundisho hayo yaliligawanya Kanisa. Mnamo 325, Kaisari Constantine aliwaita maaskofu Nikea, katika Uturuki ya leo, na Athanasius akaandamana na askofu wake. Mkutano ulimkana Arius.

Kwa Athanasius, huo haukuwa mchezo wa maneno. Katika kitabu chake kuhusu Neno kufanyika mwili, alieleza kuwa binadamu alikuwa amezama katika uharibifu na mauti, na ni yule aliyemuumba tu awezaye kumuumba upya. Ndiposa Neno wa Mungu alitwaa mwili unaokufa, akautoa kwa niaba ya wote, na kwa kufufuka akazivunja nguvu za kifo. Iwapo Kristo ni kiumbe tu, basi wanadamu wangali katika mauti yao, kwani kiumbe hakiwezi kumwokoa kiumbe mwenzake.

Alitawazwa askofu mnamo 328, na mahasimu hawakukawia. Walidai alikuwa amemuua askofu aitwaye Arsenius na kumkata mkono. Arsenius akapatikana akiwa hai, mikono yake yote miwili mizima. Hata hivyo, baraza la Tiro lilimvua cheo mnamo 335. Aliposhtakiwa kwamba alitishia kuzuia nafaka ya Misri isifike Constantinople, Kaisari alimpeleka Trier, katika Ujerumani ya leo.

Usiku mmoja wa Februari 356, askari walivamia kanisa alimokuwa akiongoza ibada. Aliponyoka, akakimbilia jangwani, ambako watawa walimficha kwa miaka sita huku akiendelea kuandika. Kwa jumla alihamishwa mara tano na watawala wanne: Constantine, Constantius, Julian na Valens.

Hakuwa mtu mpole. Kalamu yake ilikuwa kali, na wapinzani walimlaumu kwa kutumia mabavu. Lakini alifanya mengi: alimweka wakfu Frumentius kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia, akaandika maisha ya mtawa Antonio, na katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 akaorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile tunavyovisoma leo.

Athanasius alifariki Mei 2, 373, akiwa mjini mwake. Hakuishi kuona Mtaguso wa Constantinople wa 381 ukiithibitisha imani aliyoipigania. Makanisa mengi ulimwenguni yalipoadhimisha miaka 1,700 ya Nikea mnamo 2025, ungamo lilikuwa lile lile: anayeokoa ni Mungu mwenyewe.